Kibanda cha Gemu Nyuma ya Kanisa

Jumatatu ni siku ya mapumziko kwa mchungaji, na washarika wetu wanalijua hilo. Kwa hiyo mtu akibisha hodi Jumatatu asubuhi, mara nyingi ni msiba. Asubuhi ile walikuja wazee wa kanisa watatu pamoja na mwinjilisti, na walipokataa chai tukajua jambo ni zito. Kijana mmoja wa darasa la kipaimara, mwenye umri wa miaka 14, alikuwa amempiga mwenzake kichwani kwa kipande cha ubao chenye msumari. Aliyepigwa alikuwa amelazwa na kushonwa nyuzi, na daktari alikuwa bado hajasema kama jicho la kushoto litaona. Wote wawili walikuwa watoto wetu. Jumapili iliyotangulia walisimama pamoja mbele ya madhabahu wakasema Amri Kumi kwa moyo bila kukosea.

Tukio lilitokea mlangoni mwa kibanda cha gemu kilicho nyuma ya kanisa. Anayeifahamu Mwanza anajua jinsi nyumba zetu zilivyobanana kwenye vilima vya mawe; mtu akikaanga dagaa chini, wa juu wote wanajua. Kwaya yetu ikiimba, wachezaji wa gemu wanaisikia, na wao wakishangilia goli, sisi tunalisikia katikati ya maombi. Kibanda chenyewe ni mabati, mabenchi mawili, televisheni mbili, na mashine za pleystesheni ambazo pedi zake zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mchana watoto wanacheza mpira wa Ulaya. Jioni wanaweka michezo ya mapigano, ya kukatana vichwa, na ule wa kuiba gari na kumkanyaga askari. Usiku panageuka kuwa kibanda umiza, zinaonyeshwa muvi zilizotafsiriwa.

"Baba Mchungaji," alisema mkubwa wa wale wazee, "pale ndipo shetani alipofungua tawi."

Tulicheka kidogo, kisha tukaona aibu kwa kucheka, maana mama wa aliyeumia alikuwa hospitali.

Mambo yalikwenda haraka. Tuliandika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Jumapili tulihubiri juu ya macho na masikio, kwamba kinachoingia huko ndicho kinachotoka mikononi. Washarika waliitikia amina kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu Pasaka. Jumatano iliyofuata kibanda kilifungwa kwa kufuli.

Mwenye kibanda ni kijana wa Sengerema mwenye watoto wawili. Alikuja nyumbani jioni ile, akasema shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Hakuja kubishana. Alitaka tu tujue kwamba yeye ndiye aliyewatenganisha wale watoto na kumpeleka majeruhi kwenye bodaboda. Akatueleza ugomvi ulivyokuwa, kwamba ulitokana na shilingi mia mbili za mchezo, na kwamba aliyepiga, kila alipoinua ule ubao, alimwambia mwenzake: "Nyamaza! Ukilia naongeza!" Alilirudia neno hilo mara mbili, kama mtu anayeshangazwa nalo. Sisi tulilisikia tukaliacha lipite. Tulimwombea, akaenda.

Hapa inatupasa kueleza kwa nini tulikuwa na uhakika kiasi kile. Haukuwa uhakika wa kusoma magazeti. Mwaka 1994 tulikuwa wavulana hapa hapa Mwanza. Miezi ile Mto Kagera uliingiza ziwani maiti za watu waliouawa Rwanda. Nyingi zilikokotwa na maji mpaka fukwe za Uganda, na zaidi ya watu 10,000 wamezikwa kule katika makaburi matatu ya pamoja, Kasensero, Lambu na Ggolo. Lakini ziwa ni moja. Nyumbani kwetu mama aliacha kupika samaki, na hilo lilituambia mengi kuliko taarifa ya habari, maana mama yetu hakuwahi kukosa samaki jikoni. Tulikula maharage mpaka tukasahau kuuliza.

Miaka tisa baadaye tulikuwa wanafunzi wa theolojia Makumira, mwendo wa daladala kutoka Arusha, ambako Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa inawahukumu watu wa vyombo vya habari. Tarehe 3 Desemba 2003 walitiwa hatiani watatu: wawili kati ya waanzilishi wa redio ya RTLM, na mhariri wa gazeti la Kangura. Redio ile ilianza kurusha matangazo mwaka 1993, na ilipendwa kwa muziki wake na utani wake. Ndani ya muziki na utani huo jirani aliitwa mende. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini jambo lenyewe lilibaki: mtu anaweza kushtakiwa kwa mauaji ambayo mkono wake haukuyagusa, kwa sababu ya maneno aliyoyarusha hewani. Tulijadiliana usiku kucha bwenini. Tangu hapo hatukuhitaji mtu atushawishi kwamba picha na sauti vinaweza kuua. Kwa hiyo wazee walipotaja kibanda cha gemu, tulikuwa na hukumu tayari tangu zamani. Ilibaki kupata mshtakiwa.

Wiki ya tatu baada ya kibanda kufungwa, kijana yule alipiga tena. Safari hii ilikuwa bombani, asubuhi, kwenye foleni ya ndoo, na aliyepigwa alikuwa mtoto wa darasa la tatu. Hakuumia sana. Lakini mama mmoja aliyekuwa bombani alikuja kutuambia, naye akataja neno lile lile: alikuwa anamwambia anyamaze, akilia anaongeza.

Tukaenda nyumbani kwao. Baba yake alikuwa mmoja wa wale wazee watatu wa Jumatatu ile. Hatukulisema mapema kwa sababu hata sisi siku ile hatukulitilia maanani. Ni mtu tunayemheshimu. Anafanya kazi ya kupakia mizigo, anatoa fungu la kumi kwa uaminifu kuliko wenye mishahara, na mvua ilipobomoa ukuta wa kanisa yeye ndiye aliyelala pale kulinda viti. Alitupokea vizuri, mkewe akaleta soda. Tulipomweleza la bombani alisimama, akaenda chumba cha ndani, akarudi na waya wa umeme uliokunjwa mara mbili. Akamwita mwanawe mbele yetu.

"Baba, subiri," tulisema.

"Hapana, Mchungaji. Leo aone kwamba hata mbele ya mtumishi wa Mungu simwonei haya."

Alimchapa mara tatu kabla hatujamshika mkono. Na kijana alipoanza kulia, baba yake alisema neno ambalo msomaji ameshalijua.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukipanda zile ngazi za mawe polepole. Tungependa kusema kwamba tulikuwa tunamfikiria kijana yule, au baba yake. Hatukuwa. Tulikuwa tunakumbuka jikoni kwetu wenyewe, mwezi wa Februari, jioni ambayo mtoto wetu wa pili, mwenye miaka tisa, alipoteza hela ya mboga na kusema uongo juu yake. Tulitumia mwiko. Aliposhindwa kunyamaza, tulimwambia kwamba akilia tunaongeza. Tukaongeza. Katika uandishi wa kichungaji ni desturi kusema "sisi", nayo ni desturi njema, lakini wasomaji wajue kwamba jioni ile aliyeshika mwiko alikuwa mtu mmoja. Mama mchungaji alikuwa mlangoni akisema basi, basi.

Neno lile hatukulitoa kwenye muvi yoyote. Tulilipata kwa mwalimu wetu wa darasa la nne, naye bila shaka alilipata kwa mtu. Na ukikaa kibandani ukatazama michezo ile ya kukatana vichwa, utaona jambo: hakuna mchezaji anayemwamuru adui yake asilie. Adui wa kwenye gemu hana machozi, wala hana mama wa kumkimbilia. Kumpiga mtu na papo hapo kumkataza maumivu yake, hilo watoto wetu wanalipata kwa watu wazima.

Baada ya hapo tulianza kusoma, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kuandika barua. Wengi wanaosema kwamba picha za ukatili huzaa ukatili huanzia kwa Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na yule mwanasesere wake mkubwa wa kujaza upepo. Ni kweli kwamba watoto waliomwona mwanasesere akipigwa walimpiga vile vile, hata kwa maneno yale yale. Lakini katika jaribio la kwanza, la mwaka 1961, aliyempiga hakuwa kwenye kioo. Alikuwa mtu mzima, hai, ndani ya chumba kile kile na mtoto. Filamu zilitumika katika jaribio la 1963, nazo pia ziliigwa. Hatutaki kuficha hilo. Ila aliyepigwa alikuwa mwanasesere, na kutoka kwa mwanasesere hadi kichwa cha mwenzako ni safari ndefu. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema mwaka 2015 kwamba michezo ya ukatili inahusiana na hasira na ubabe, kisha mwaka 2020 kikafafanua kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuihusisha na uhalifu wa kuumiza watu. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford waliangalia vijana wapatao elfu moja wa Uingereza, wa umri wa kijana wetu, wakauliza wazazi wao juu ya tabia zao. Hawakuona kwamba wanaocheza sana michezo hiyo ni wakali kuliko wengine.

Ule wa nyumbani ulituumiza zaidi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya watoto wetu, wa kike kwa wa kiume, hupigwa kwa ngumi, mateke, viboko au namna nyingine kabla ya kufikisha miaka 18. Wanaowapiga zaidi ni ndugu zao na walimu wao. Hesabu hiyo ukiileta kwenye darasa la kipaimara la watoto 40, ni 30. Waliobaki kumi wanasikia kupitia ukutani.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa, kabla hatujalaumu vioo, tuna historia yetu. Miaka ya 1970, katika Usukuma, vikongwe walikuwa wakiuawa kwa kuitwa wachawi, wengi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Macho hayo yaliwekundu kwa moshi wa kupikia wajukuu. Serikali ilipofanya msako wa wauaji, watuhumiwa waliteswa mahabusu na wengine wakafa, na Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa kuwajibika. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vilikuja miaka ya 1990. Panga lile lilifika kwenye mlango wa bibi kizee bila kupitia kwenye kioo.

Kuna mtu atatukumbusha mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyoshika kasi hapa kwetu mwaka 2007 na 2008. Na kweli siku zile watu wengi walizilaumu filamu za Nigeria, zile za mtu anayetajirika kwa viungo vya binadamu. Hatuwezi kuzisafisha kabisa. Mtu mwenye tamaa akiona mara hamsini kwamba utajiri hupatikana hivyo, tamaa yake inapata ramani. Lakini kati ya filamu na panga alikuwepo mtu mwingine: mganga, mwenye mkeka na jina, anayeheshimiwa, anayemtazama mchimba dhahabu au mvuvi usoni na kumwambia lete mkono. Watoto waliokimbiziwa Shule ya Msingi Mitindo kule Misungwi hawakuwa wanakimbia filamu. Wapo waliokuwa wanakimbia watu wa ukoo wao.

Hata ile redio ya Rwanda sasa tunaiwaza kwa namna nyingine. Tulipokuwa wanafunzi tuliona ni uwezo wa chombo. Leo tunaona kwamba gemu haikujui, haijui jina la jirani yako. RTLM ilitaja watu kwa majina na mahali walipo, na ilitaja kwa sauti ya wakubwa, wakati ambapo wakubwa walikuwa wameshika vizuizi barabarani. Ilimwambia msikilizaji kwamba huyu unayemjua si mtu, na kwamba kumuumiza ni wajibu. Tukilinganisha maneno hayo na kibanda cha mabati nyuma ya kanisa, hayafanani. Tukiyalinganisha na mwiko na ule waya, na dini yetu tuliyoiweka juu yake, yanaanza kufanana kidogo, na hilo tunaliandika kwa woga.

Tulipeleka jambo hili kwenye baraza la wazee. Kikao kilikuwa kirefu. Tulieleza la jikoni kwanza, kwa sababu bila hilo tungekuwa tunamshtaki mwenzetu aliyekaa pale. Kimya kilikuwa kirefu mpaka tukasikia pikipiki zikipanda kutoka Mabatini. Kisha mzee mmoja akafungua Mithali 13 akatusomea mstari wa fimbo, akaongeza na methali ya kwetu: samaki mkunje angali mbichi. Tukamjibu kwamba tumekuwa Mwaloni mara nyingi kutazama akina mama wakikunja kambare kwa ajili ya kubanika, mdomo na mkia, na ni kweli wanamkunja angali mbichi, lakini huyo anayekunjwa amekwisha kufa. Baadhi walicheka. Yeye hakucheka. Alisema, na alikuwa na haki kusema, "Mchungaji, mimi nilichapwa, na leo niko kanisani. Hao wasiochapwa wako wapi?" Hatukuwa na jibu fupi. Mwinjilisti, ambaye kwa miaka mingi ameshika fimbo ya mpera katika darasa la kipaimara, hakusema kitu kikao kizima. Jumamosi iliyofuata alifundisha bila ile fimbo. Hatujamuuliza iko wapi.

Darasani amri tuliyokuwa tumefikia ilikuwa ya tano, usiue. Katekisimo ya Luther haiishii kwenye kutoua. Inataka pia tusimuumize jirani mwilini mwake, tena tumsaidie mwili wake upate mahitaji. Watoto walikuwa wameikariri tangu zamani. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza kama kuna tofauti gani kati ya gemu na Yaeli, aliyempigilia Sisera kigingi cha hema kichwani, maana shule ya Jumapili walikwisha kuigiza habari hiyo na yeye ndiye alikuwa Yaeli. Darasa lilivunjika kwa kicheko. Tulimuuliza, baada ya kuigiza, alitamani kumpigilia mtu kigingi? Akafikiri. Akasema hapana, ila aliyekuwa Sisera alilala vibaya, akamkalia mkono. Yule kijana wetu alikuwa kiti cha nyuma, na ni mara ya kwanza tulimwona akicheka baada ya miezi miwili.

Kibanda kilifunguliwa tena mwezi wa Oktoba. Tulikwenda wenyewe kwa mwenyekiti kuirudisha barua, na ilikuwa safari ngumu kuliko ya kwanza. Mwenye kibanda tulimwomba jambo moja, kwamba watoto wa shule ya msingi wasikae kwenye muvi za usiku, naye alikubali. Hatuoni kwamba kuchinjana ni kitu cha kumtazamisha mtoto wa miaka saba, hata kama wataalamu hawakubaliani. Mtoto wa miaka saba anapaswa kuwa amelala. Tulimwomba radhi pia. Alisema, "Yameisha, Mchungaji," kisha akatukaribisha tucheze. Tulifungwa mabao tisa kwa sifuri na mtoto wa darasa la tano, ambaye alituita babu.

Jicho la yule aliyeumia linaona, ingawa si kama la pili, na mwanga mkali unalisumbua. Aliyempiga huenda kumchukua asubuhi, wanashuka pamoja kwenda shule. Nani aliwapatanisha hatujui, si sisi. Baba yake bado ni mzee wa kanisa. Kuhusu ule waya hatujaambiwa chochote, na mkewe tukimsalimu hutujibu vizuri, lakini haongezi neno.

Mtoto wetu wa pili tulimwomba msamaha jioni moja, jikoni pale pale, mama yake akiwepo. Alitusikiliza akiwa amesimama. Akauliza kama ina maana hatutamchapa tena, tukasema hatutamchapa. Akasema sawa, akaomba ruhusa kwenda kucheza. Huo ni mwaka mzima sasa. Juzi tulinyoosha mkono juu ya kabati kuchukua kitabu cha nyimbo, naye alikuwa amekaa chini anaandika kazi ya shule, akainamisha kichwa na kukikinga kwa daftari.